Mahindi yaliyopandwa wakati wa maua: uchambuzi wa kisa cha vifo vya nyuki katika bonde la Rhine, 2008

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kusini-magharibi mwa Ujerumani, katika bonde la juu la mto Rhine, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei 2008. Nimekichagua kwa sababu ni miongoni mwa visa vichache vya vifo vya nyuki ambavyo chanzo chake kilithibitishwa maabara mapema, ushahidi ukiwa bado mbichi. Mara nyingi nyuki wakipungua watu huishia kubishana: huyu anasema ugonjwa, yule njaa, mwingine hali ya hewa, na msimu unapita bila jibu.

Majina ya wafugaji, wakulima, vijiji na kampuni zilizohusika nimeyaondoa. Taasisi za umma na tarehe nimeziacha, kwa sababu bila hizo maamuzi hayaeleweki. Nawaandikia wafugaji nyuki, maafisa ugani na wakulima wetu wa mahindi, alizeti na matunda, ambao wengi wao hushiriki eneo moja bila kuwahi kukaa pamoja.

Mazingira ya awali

Bonde hilo ni tambarare lenye joto kuliko sehemu nyingi za Ujerumani, likiwa katikati ya milima ya Schwarzwald upande wa mashariki na mpaka wa Ufaransa upande wa magharibi. Kuna matofaa, cheri, plamu na mizabibu, na mashamba ya kanola, zao la mbegu za mafuta, ambayo majira ya kuchipua hugeuka manjano tupu. Na kuna mahindi mengi. Mashamba mengi yalikuwa yakipandwa mahindi mwaka hadi mwaka, juu ya ardhi ileile, bila kubadilishwa zao.

Nyuki wa Ujerumani tayari walikuwa wamepungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa na zaidi ya makundi milioni 1. Kufikia wakati wa kisa hiki yalibaki takribani 700,000. Utitiri aina ya varroa, kimelea cha nyuki kilichoingia nchini humo mwaka 1977, ulikuwa umewachosha wafugaji, na wengi wao walikuwa wazee wenye mizinga michache nyuma ya nyumba. Kwa hiyo pigo la 2008 liliwakuta nyuki na wafugaji wakiwa hawana akiba ya nguvu.

Mhusika mwingine ni mbawakawa mdogo wa mahindi ambaye viluwiluwi wake hula mizizi hadi mmea unaanguka. Asili yake ni Amerika. Ulaya alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1992 karibu na uwanja wa ndege wa Belgrade, na mwaka 2007 akafika katika bonde hili. Wakati huo kanuni za Umoja wa Ulaya zilimweka katika orodha ya wadudu wa karantini, maana yake kila alipoonekana ilibidi afutwe kabisa. Hilo la kufutwa kabisa likumbukwe, kwa sababu ndilo lililosukuma kila kitu kilichofuata.

Silaha iliyochaguliwa ilikuwa mbegu iliyopakwa dawa. Dawa yenyewe ni klothianidini, mojawapo ya kundi la neonikotinoidi, ambazo hushambulia mfumo wa fahamu wa mdudu. Mmea huifyonza kutoka kwenye mbegu na kuisambaza mwilini mwake. Kwa wadudu wa kawaida wa udongoni ilitumika miligramu 0.5 kwa kila punje. Kwa mbawakawa huyu kipimo kilipandishwa hadi miligramu 1.25.

Kipimo hicho kwa mkulima ni chembe tu ya rangi kwenye punje. Kwa nyuki hali ni nyingine. Nyuki akimeza takribani nanogramu 4 za klothianidini (miligramu moja ina nanogramu milioni moja), uwezekano wa kufa ni nusu kwa nusu. Ukipiga hesabu, punje moja ya mahindi ilibeba dozi zaidi ya 300,000 za namna hiyo. Hekta moja hupandwa punje zinazokaribia 100,000. Usalama wote wa nyuki ulitegemea jambo moja: kwamba dawa ingebaki imeshikana na mbegu, na mbegu ingebaki chini ya udongo.

Mtiririko wa matukio

Aprili ya mwaka ule ilikuwa na mvua, na upandaji wa mahindi ukachelewa. Hali ya hewa ilipokauka, wakulima wa bonde zima waliingia mashambani kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekosea hapo; mkulima yeyote angefanya vivyo hivyo. Lakini kuchelewa huko kulisogeza upandaji ukakutana na siku ambazo kanola na miti ya matunda vilikuwa vimechanua, na nyuki walikuwa nje kwa wingi kuliko wakati wowote wa mwaka.

Mashine nyingi za kupandia zilizotumika hufanya kazi kwa nguvu ya hewa. Feni hunyonya hewa ili punje ishikwe kwenye sahani yenye matundu kabla ya kudondoshwa kwenye mfereji. Hewa iliyonyonywa lazima itoke mahali, na kwa mashine nyingi za wakati ule ilitoka kwa kasi ikielekea juu au pembeni.

Hapo ndipo kasoro ya mbegu zenyewe ilipoingia. Baadhi ya shehena za mbegu hazikuwa zimepakwa dawa vizuri: gandisho, yaani gundi inayoshikiza dawa kwenye punje, halikutosha, na punje zilipogusana ndani ya mifuko na ndani ya mashine, dawa ilibanduka ikawa vumbi. Feni ikalipuliza hewani, udongo ulikuwa mkavu, upepo ukalipeleka kwenye kanola, kwenye matofaa na kwenye magugu yenye maua kandokando ya mashamba.

Wafugaji walianza kuona nyuki wakitetemeka mlangoni mwa mzinga, wakizunguka chini bila kuweza kuruka, kisha wakifa kwa maelfu. Taarifa za kwanza zilikuwa chache, kisha zikamiminika kutoka wilaya moja hadi nyingine kando ya mto. Vifo hivyo havikufanana na vya varroa, ambavyo huja polepole na mara nyingi huonekana baada ya majira ya baridi. Havikufanana na njaa pia, kwa sababu maua yalikuwa tele. Makundi yaliyokuwa na nguvu ndiyo yaliyopigwa zaidi, maana ndiyo yaliyotuma nyuki vibarua wengi shambani.

Sampuli za nyuki waliokufa, pamoja na za mimea, zilipelekwa Taasisi ya Julius Kühn ya Braunschweig, ambako kuna kitengo cha umma kinachochunguza vifo vya nyuki. Klothianidini ilikutwa katika karibu sampuli zote za nyuki kutoka eneo lile. Ilikutwa pia kwenye maua, na kwenye chavua ambayo nyuki walikuwa wamekwisha kuihifadhi ndani ya masega.

Katikati ya Mei 2008, ofisi ya shirikisho inayosajili viuatilifu ilisimamisha usajili wa dawa nane za kupaka mbegu za mahindi na kanola.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kutegemea mbegu zilizopakwa dawa, ulikuwa na mantiki yake. Mamlaka zilikuwa chini ya shinikizo la kumfuta mbawakawa, na dawa iliyofungwa kwenye mbegu ilionekana salama kuliko kunyunyiza shamba zima. Watu wengi waliamini kwa dhati kwamba wanachagua njia yenye madhara madogo. Njia nyingine ilikuwepo na ilijulikana: mbawakawa huyu hutaga mayai kwenye udongo wa shamba la mahindi mwishoni mwa kiangazi, na viluwiluwi wakianguliwa mwaka unaofuata wasikute mizizi ya mahindi, wanakufa. Kubadilisha zao kunatosha kumvunja nguvu. Uswisi, nchi inayopakana na bonde hilohilo, ilichagua kuzuia mahindi kufuatana na mahindi katika maeneo aliyoonekana, na kwa njia hiyo ikaweza kumdhibiti. Upande wa Ujerumani, mahindi ya kila mwaka yalikuwa yamekwisha kuwa msingi wa biashara ya wakulima wengi, na kuwaambia wabadilishe zao kulikuwa kugumu kuliko kuwauzia mbegu ya rangi nyingine.

Uamuzi wa wafugaji ndio ninaouthamini zaidi katika kisa hiki. Hawakufagia nyuki waliokufa na kuwatupa. Waliwakusanya, wakaandika tarehe na mahali, wakapiga simu kwa vyama vyao, na vyama vikapeleka habari kwa mamlaka zikiwa zimejumuishwa. Wengine walihamisha mizinga haraka kwenda milimani, mbali na mahindi. Uhamisho huo ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu kundi lililobaki bondeni liliendelea kuleta nyumbani chavua yenye sumu na kuwalisha watoto.

Uamuzi wa msajili wa kusimamisha dawa zote nane kwa mpigo, badala ya ile moja iliyothibitika, ulilalamikiwa na baadhi ya watu kuwa ni wa pupa. Mimi naona ulikuwa sahihi. Swali lililokuwa mezani lilihusu namna vumbi linavyosafiri kutoka kwenye mbegu, na swali hilo liliigusa kila dawa iliyopakwa kwa njia hiyo. Wiki chache baadaye, ilipoonekana kwamba mbegu za kanola hubanduka vumbi dogo zaidi, usajili wa dawa zake ulirudishwa. Kusimamisha kwanza na kuchunguza baadaye kuliwezekana kurekebishwa. Makundi yaliyokufa hayarudishwi.

Matokeo

Wafugaji takribani 700 waliripoti hasara, na makundi yaliyoathirika yalizidi 11,000. Viwango vya madhara vilitofautiana: kuna makundi yaliyokufa kabisa, na kuna mengi yaliyobaki na malkia na watoto lakini yakipoteza vibarua wa shambani. Kampuni iliyotengeneza dawa ililipa takribani yuro milioni 2 kwa wafugaji, bila kukiri kwamba inawajibika kisheria.

Kwa kilimo, hasara haiishii kwenye idadi ya mizinga. Kibarua huchukua siku 21 tangu yai hadi kutoka kwenye chumba chake, kisha hufanya kazi za ndani kwa takribani wiki 3 kabla ya kwenda shambani. Kundi lililopoteza vibarua wa nje mwanzoni mwa Mei huhitaji karibu wiki 6 kuwafidia kwa mayai mapya, na hiyo ni iwapo nyuki wauguzi, wanaolisha watoto, wamebaki na chavua ni safi. Tofaa huchanua kwa wiki mbili hivi. Kwa hiyo kundi linaweza kupona na kuhesabiwa kuwa hai, huku msimu wa uchavushaji ukiwa umeshampita mkulima wa matunda. Takwimu za makundi yaliyokufa hazionyeshi hasara ya namna hii, nayo ndiyo inayomgusa mkulima asiyefuga nyuki.

Ukubwa wa suala hili unaonekana ukitazama dunia nzima. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2007 uliopitia mazao 115 makuu ya chakula ulikuta kwamba 87 kati yake hunufaika kwa kiwango fulani na uchavushaji wa wanyama, hasa nyuki. Mazao hayo hubeba takribani asilimia 35 ya uzito wa chakula kinachozalishwa duniani. Mahindi hayamo; chavua yake hupeperushwa na upepo.

Baada ya kisa hiki Ujerumani iliweka masharti ya ubora wa upakaji wa mbegu na ya kufunga kwenye mashine vifaa vinavyoelekeza hewa chini ya udongo. Italia, iliyopata vifo vya namna hiyo msimu uleule, ilisimamisha mbegu za mahindi zilizopakwa dawa hizo mwezi Septemba 2008. Umoja wa Ulaya ulizuia sehemu kubwa ya matumizi ya neonikotinoidi tatu mwaka 2013, na mwaka 2018 ukazipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi. Mbawakawa mwenyewe hakufutwa. Mwaka 2014 Ulaya ilimwondoa katika orodha ya karantini kwa sababu alikuwa ameshaenea mno.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni mnyororo wa ushahidi. Kulikuwa na maabara ya umma ambayo mfugaji wa mizinga mitano angeweza kuipelekea sampuli, kulikuwa na vyama vilivyounganisha taarifa, na kulikuwa na msajili aliyekuwa na mamlaka ya kuchukua hatua ndani ya siku chache. Kimojawapo kikikosekana, kisa hiki kingeishia kuwa malalamiko ya wazee wachache. Nyuki waliokufa huoza haraka na mabaki ya sumu hupungua kila siku. Sampuli iliyokusanywa siku ya pili na kugandishwa ilikuwa na thamani kuliko hoja nyingi zilizotolewa mwezi uliofuata.

Kilichoshindwa kilianza mapema, kabla shamba lolote halijapandwa. Hatari ya dawa ilipimwa kwa kuangalia mahali ilipokusudiwa kukaa, chini ya udongo. Njia ambayo dawa ingeweza kutorokea haikupewa uzito uliostahili. Kila kipande cha mfumo kilikuwa na mtu wake: mtengenezaji wa dawa, kiwanda cha kupaka mbegu, mtengenezaji wa mashine, mkulima. Feni haikuwa kosa kabla ya kukutana na mbegu inayobanduka, na mbegu inayobanduka isingeua nyuki wengi kiasi hicho kama kanola ingekuwa imekwisha kupukutisha maua. Hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia vipande hivyo vikiwa pamoja, ndani ya upepo, wakati wa maua.

Wengine wamekisoma kisa hiki kama ajali ya gandisho baya. Sikubaliani nao. Gandisho bora lingepunguza vumbi, na hilo ni jema. Lakini bonde lingeendelea kupandwa mahindi juu ya mahindi, likimlea mbawakawa kila mwaka, na kila mwaka lingehitaji dawa yenye nguvu hiyo. Kasoro ya gandisho ilifichua tu jinsi ukingo wa usalama ulivyokuwa mwembamba.

Kuna pia suala la nani anafaidi na nani analipa. Mkulima wa mahindi hakupoteza hata gunzi moja kwa sababu ya kifo cha nyuki. Mfugaji alipoteza mizinga, mkulima wa matofaa akapoteza wachavushaji, na nyuki wa porini, ambao hawana mwenyewe, hawakuhesabiwa na yeyote. Pale mtu anapofanya uamuzi ambao gharama yake inamwangukia jirani, kumwomba awe mwangalifu hakutoshi. Panahitajika sharti lililoandikwa na mtu wa kulisimamia.

Tahadhari kwa wafugaji ilichelewa pia. Mamlaka zilijua ni maeneo gani yangepandwa mbegu zenye kipimo cha juu, na wafugaji wangeweza kuambiwa wahamishe au wafunge mizinga siku za upandaji. Ujumbe wa namna hiyo ungegharimu kidogo sana.

Kisa hiki kikisomwa kutoka kwetu

Afrika Mashariki wakulima wengi hupanda mahindi kwa jembe, na vumbi la feni si tatizo lao. Mashamba makubwa yenye mashine za kupandia yapo, na mbegu zilizopakwa dawa, nyekundu, kijani au zambarau, zinauzwa katika maduka yetu ya pembejeo. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie mwaka 2017, unyunyizaji kwenye mahindi umeongezeka, na nyuki wetu hufuata chavua ya mahindi asubuhi, saa zilezile wakulima wengi wanapobeba bomba mgongoni.

Tofauti inayonitia wasiwasi zaidi iko kwenye tabia ya nyuki wenyewe. Nyuki wetu huhama. Njaa, ukame, moto, siafu au kusumbuliwa vyaweza kulifanya kundi zima liondoke kwenye mzinga. Vibarua waliolishwa sumu mara nyingi hufia shambani na kundi hupungua hadi linaondoka au linakwisha. Mfugaji akifungua mzinga na kukuta masega matupu husema, wamehama, na habari inaishia hapo. Hatuna hesabu ya mizinga mingapi kati ya hiyo iliachwa na nyuki waliokuwa wakifa.

Dalili za kutofautisha zipo. Kundi lililohama kwa njaa au ukame kwa kawaida huacha masega bila asali na bila watoto, kwa sababu malkia huacha kutaga mapema. Ukikuta watoto wengi, asali ipo, vibarua wametoweka ghafla, na nyuki wachache wanatetemeka au wamekufa wametoa ulimi mlangoni, shuku sumu. Uliza majirani nani amenyunyiza nini, na lini. Piga picha. Kusanya nyuki waliokufa karibuni, kiasi cha gramu 100 ikiwezekana, ambao ni takribani nyuki 1,000. Chuma maua ya mimea waliyokuwa wakitembelea, ufungashe kando. Andika tarehe, saa na mahali, mwite afisa ugani au mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi, kisha gandisha sampuli zote siku hiyohiyo, hata kama ni kwenye friji ya duka la soda.

Pa kupeleka hapakosekani kabisa. Nairobi, icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kilifungua mwaka 2014 maabara ya rejea ya afya ya nyuki kwa Afrika. Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndiyo inayosajili viuatilifu, na taarifa ya nyuki kufa inapaswa kuifikia kwa maandishi, ikitaja jina la dawa kama lilivyo kwenye kibandiko. Mfugaji mmoja mmoja wa Sikonge au Kitui hataweza kuifikisha sampuli mbali kiasi hicho ikiwa bado imeganda. Kikundi au ushirika unaweza, ukiwa na kisanduku cha barafu, fomu moja iliyokubaliwa, na mtu mmoja ambaye wanachama wote wana namba yake ya simu kabla msimu wa kupanda haujaanza.